Glasi Niliyoikataa Mutuka

Nyie vijana mnaojifunza kuongoza wageni hapa Babati mna swali moja mnalolirudia kila mkija kuniamkia: "Mama, tutajuaje kama safari yetu ya siku moja inafaa?" Nitawajibu. Ila jibu langu limefungwa pamoja na kisa cha aibu, na aibu yenyewe ni yangu, kwa hiyo kaeni vizuri na msinikatize. Nilikuwa na wivu. Sisemi nilikuwa na changamoto, kama mnavyopenda kusema siku hizi. Wivu, ule wa kununa mpaka chakula hakipiti.

Wasionijua, mimi ni Mama Elibariki. Nimezaliwa Rombo, nikaja Babati na mume wangu aliyekuwa karani, wakati ule mkoa wa Manyara ndio kwanza umezaliwa na malori yanashusha makabati ya ofisi kila wiki. Wageni wa kutoka nje walikuwa wanapita hapa wakielekea Kondoa au Tarangire, wanashuka kunywa chai na kunyoosha miguu, wanaondoka. Nikaona hawa watu nawaachia bure. Nilikuwa na Kiingereza cha sekondari, na mdomo nilikuwa nao wa kutosha. Nikaanza kuwapeleka ziwani kuangalia viboko, halafu mlimani Kwaraa, halafu mashambani. Kwa miaka mingi wakala wa Arusha akitaka mtu wa Babati, simu inayolia ni yangu.

Msidhani nilianza nikiwa najua. Mara ya kwanza kupanda Kwaraa nilivaa viatu vya kanisani, vyenye kisigino, kwa sababu nilitaka wageni waone wamepata mtu wa maana. Nilishuka peku, nimevishika mkononi, na mgeni mmoja mwenye huruma ananibebea mkoba. Mara nyingine niliwaahidi wageni viboko kumi na wawili. Tukakaa kwenye mtumbwi asubuhi nzima tukiangalia maji. Mzee Qamara aliyekuwa anatupigia kasia alisubiri mpaka wageni wameshuka, akaniambia, "Mama, kiboko hana ahadi na mtu. Wewe ahidi ziwa. Ziwa halihami." Tangu siku hiyo nimeahidi ziwa tu, nanyi mfanye hivyo hivyo.

Sasa Yasinta. Yasinta ni binti wa Mutuka, Mgorowa wa hapa hapa, alikuja kwangu amemaliza kidato cha nne akiomba nimfundishe kazi. Misimu mitatu nilitembea naye. Nilimfundisha kuhesabu watu kila mnapovuka mfereji. Nilimfundisha kutembea kwa mwendo wa mwenye kiatu kibovu, siyo kwa mwendo wa mwenye haraka. Nilimwambia mgeni aliyekuwa anaongea akanyamaza ghafla, ama amechoka ama tumbo linamsumbua, na tumbo haliulizwi mbele za watu. Nilimwambia asimuulize mgeni "umefurahi?" wakiwa bado kwa mwenyeji, maana pale atajibu kwa adabu. Amuulize njiani, mji ukishaanza kuonekana. Yote haya aliyaandika kwenye daftari, na mimi nilifurahi kuandikwa.

Na nilimfundisha jambo la kikombe, ambalo na nyie nawafundisha leo. Ukipeleka wageni kwenye nyumba ya watu huku kwetu, wakipewa pombe, mwenye nyumba anamimina, anapiga funda moja yeye kwanza, ndipo anamkabidhi mgeni mkubwa kuliko wote. Lile funda ni kukuambia: humu hamna kitu kibaya, kikikuua kitatuua wote. Ukishapewa, unapokea kwa mikono miwili, unakunywa. Kama hunywi pombe, unapokea vile vile, unagusisha mdomo, unampa wa pembeni yako. Hakuna mtu atakayekulaumu. Lakini kukataa kupokea kilichokwisha kuonjwa ni kumwita mwenye nyumba mchawi, tena mbele ya watoto wake. Maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo wangu, kwa wageni ambao siwezi hata kuwahesabu.

Baada ya ile misimu mitatu, Yasinta akaja kuniaga vizuri, akasema anaanzisha safari yake. Nikamwambia Mungu akubariki. Moyoni nilisema, ngoja tuone.

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Wageni wanachukuliwa na bajaji kutoka Bagara hapa mjini mpaka barabara inapoanza kuwa mbaya, wanashuka, wanatembea katikati ya mashamba ya mbaazi na alizeti hadi Mutuka, nyumbani kwa shangazi yake, Mama Gidamis. Huyo shangazi alikuwa anatengeneza mvinyo wa rozela, yale maua mekundu ambayo wengine mnayajua kwa juisi. Alijifunza kwenye kikundi cha akina mama, akauboresha mwenyewe, akawa anauza kwa majirani na kwenye sherehe. Wageni wanakula kwake, wanaonja mvinyo, wanarudi mjini jioni kabla jua halijazama. Basi. Hamna mlima wala viboko.

Nilicheka. Nani atoke Ulaya kuja kuangalia mbaazi? Lakini wageni walikwenda, wakarudi wanaimba sifa. Nikawa nasikia jina la Yasinta sokoni, nalisikia hotelini, mpaka fundi viatu wangu wa Maisaka ananiambia, "Mama, yule mwanafunzi wako anakimbiza!" Mwanafunzi wako! Kila aliyelisema neno hilo alidhani ananipa zawadi, na mimi roho inaniuma kama jino bovu.

Msimu uliofuata nikapigiwa simu na wakala mmoja wa Arusha, tumwite Bwana Minja, ambaye alikuwa akiniletea wageni tangu nikiwa na nywele nyeusi. Akasema, "Mama Elibariki, nataka kuongeza siku moja Babati kwenye safari zangu zote. Kuna huyu binti na safari yake ya mashamba na mvinyo. Wewe ndiye mkongwe. Kesho kutwa nina wageni wawili, nenda nao kama mtalii, kaa kimya, uangalie. Jioni niambie neno moja tu: inafaa au haifai. Nitakusikiliza wewe."

Jamani, mtu mwenye wivu hapewi mizani. Lakini Bwana Minja hakujua, na mimi sikumwambia. Nilijibu, "Hamna shida." Nikapiga pasi kitenge changu kizuri.

Wageni walikuwa mzee mrefu na mkewe, walimu wastaafu kutoka Ubelgiji. Yasinta aliponiona nashuka kwenye bajaji alikuja mbio. "Shikamoo mwalimu! Leo utanitia aibu, nitasahau yote." Nikaitikia marahaba, nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi leo ni mgeni tu. Hapo hapo nikaanza kuhesabu makosa yake.

Tumechelewa kuanza, kosa. Hajaeleza historia ya mkoa, kosa. Mimi mgeni akitoka kwangu anajua wilaya zote za Manyara kwa majina, apende asipende. Huyu Yasinta anatembea kimya! Anawaacha watu wanatembea, wanasikia ndege, wanasikia nyayo zao. Nikasema moyoni, anawapunja. Nikamwangalia mzee wa Kibelgiji nione kama amechoka, kumbe anatabasamu peke yake.

Tukafika mahali akina mama wanapura mbaazi kwa fimbo kwenye turubai. Yasinta akawasalimu kwa Kigorowa, wakacheka, wakamjibu maneno marefu, wakaniangalia na mimi wakacheka tena. Mimi na miaka yangu yote Babati najua salamu mbili za Kigorowa, na ya pili sina uhakika nayo. Wageni wangu nilikuwa nawapitisha pale nikisema, "Hizi ni mbaazi, zinauzwa India," tunaendelea. Yasinta alimpa yule mama wa Kibelgiji fimbo. Mama akapura. Alipiga vibaya, mbaazi zikaruka zikampiga mumewe usoni, na akina mama wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Tulikaa pale muda mrefu kuliko ratiba. Nikaangalia saa yangu kwa makusudi ili Yasinta aone. Aliona. Hakuharakisha.

Nawaambia ukweli, ilikuwa safari nzuri. Nilijua tangu pale kwenye turubai. Mgeni akiacha kupiga picha na simu ameitia mfukoni, usiulize tena kama siku imefaa. Yule mzee simu yake haikutoka mfukoni tangu apigwe na mbaazi. Mimi katika miaka yangu yote, wageni wangu walikuwa wakipiga picha kutwa nzima, na nilidhani hiyo ndiyo furaha. Mtu nimfundishe mimi, halafu ajue kitu ambacho mimi sikijui! 

Kwa Mama Gidamis uani pamefagiwa, pamewekwa mikeka na viti vya kuazima. Majirani kama saba hivi walikuwapo, wamekuja kusaidia kupika na kuangalia wageni. Tukala ugali, mlenda na kuku. Halafu Mama Gidamis akatoka na jagi la mvinyo. Rangi yake, sitasahau, nyekundu safi, unaona vidole vyake upande wa pili. Akamimina glasi ya kwanza. Akapiga funda lake, akasubiri kidogo, akageuka kutafuta mgeni mkubwa. Nilidhani atampa mzee wa Kibelgiji.

Yasinta akasema kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza ili wote wasikie, "Shangazi, mpe huyu. Huyu ndiye mwalimu wangu. Yote mnayoyaona leo nimeyatoa kwake."

Angenitukana ningevumilia. Yote yametoka kwangu? Ile fimbo haikutoka kwangu, wala ule ukimya. Nilijiona kama ninagawiwa sifa za makombo mbele ya watu. Mama Gidamis akapiga goti kidogo, akaninyooshea glasi kwa mikono miwili.

Nikasema, "Hapana, asante. Mimi sitakunywa."

Sikupokea. Mikono yangu ilibaki mapajani, juu ya kitenge changu kilichopigwa pasi. Mama Gidamis akabaki na glasi hewani. Uani palikuwa na kelele za sufuria, nazo zikakoma. Jirani mmoja akamwangalia mwenzake. Mama Gidamis aliirudisha glasi kwenye sinia polepole na kuifunika kwa kitambaa.

Kisha akawageukia wageni. Yule mama wa Kibelgiji akaniangalia mimi kwanza. Na kwa nini asiniangalie? Mimi ndiye mzoefu, nimeletwa na kampuni yao wenyewe, na mimi nimekataa. Akamnong'oneza mumewe. Wakasema wameshiba, asanteni sana, labda siku nyingine.

Njiani kurudi, mji ulipoanza kuonekana, Yasinta hakumuuliza mgeni yeyote kama amefurahi. Jioni nikampigia simu Bwana Minja. Nikamwambia, "Wageni hawakunywa mvinyo. Haifai." Oneni ulimi wa mtu mwenye kijicho ulivyo fundi! Neno la kwanza lilikuwa kweli tupu.

Siku kama nne hivi zikapita, Yasinta akaja kwangu Maisaka asubuhi. Nilikuwa nachambua maharage. Akaniamkia, akakaa kwenye kigoda, akafungua lile daftari lake la zamani.

"Mwalimu, Bwana Minja amekataa safari yangu. Hakuniambia sababu. Nimekuja unisahihishe."

Nikaanza. Nikamwambia amechelewa kuanza. Akaandika. Nikamwambia hakueleza historia. Akaandika. Nikamwambia kwa akina mama wa mbaazi alikaa mno. Akaandika, akapiga mstari chini. Halafu akainua kichwa.

"Na ule mvinyo, una kasoro gani? Shangazi ananiuliza kila siku. Amemwaga dumu zima, mwalimu. Majirani hawanunui tena. Wanasema, hata yule mwongoza wageni mkubwa wa mjini aliuogopa, yeye anajua kitu. Jumapili mtu alimuuliza kanisani kama ameanza kutia dawa."

Mkono wangu ulibaki ndani ya maharage. Nilikuwa nimepanga kumpunguzia Yasinta wageni, basi. Huyo mama mwingine sikuwa nimemfikiria hata mara moja. Mama mtu mzima, mjane, anaishi kwa lile dumu, na mimi nimempaka uchawi mbele ya majirani saba kwa kuweka mikono mapajani.

Nikasema, "Mvinyo hauna kasoro."

"Sasa mbona ulikataa?"

"Nilikuonea wivu."

Akanitazama. "Mimi? Mwalimu unionee wivu mimi?"

"Wewe. Safari yako ni nzuri kuliko zangu zote. Futa hayo uliyoandika."

Hakufuta. Alifunga daftari, akaliweka chini. Nilitaka alie au anitukane, nipate la kujibu.  Badala yake akasema, "Mpigie Bwana Minja. Nipo hapa hapa, nasubiri."

Nikapiga. Nikasema yote, na maharage yamemwagika miguuni.  Bwana Minja akasema, "Mama, mimi nilikuamini," basi. Akamjaribu Yasinta na kundi moja, likaja la pili, mpaka ikawa kila wiki wageni wake wanapita Mutuka. Mimi hakuniuliza tena kama kitu kinafaa au hakifai. Alinitumia wageni wa ziwani, kwa heshima, mpaka nilipostaafu.

Mtaniuliza, wivu uliisha? Wapi! Nilipokuwa naona gari la wageni wa Bwana Minja limegeukia Bagara, nilikuwa nafunga dirisha. Wivu haufi kwa kuungama, vijana. Unachoweza ni kuunyima kazi. Usiupe simu wala mizani, na mbele za watu usiupe mikono yako.

Lakini kwa Mama Gidamis nilikuwa sijakwenda. Yasinta aliniambia twende mara mbili, nikasema magoti yanauma. Yalikuwa yanauma kweli, ila siyo kiasi hicho. Ukweli, ile glasi ilitakiwa inywewe pale pale, uani, majirani wakiona, ndipo jina la yule mama lisafike. Nilijua. Nilikaa na kujua huko mpaka mbaazi zikavunwa tena.

Siku niliyokwenda nilikuta wageni sita wamekaa kwenye mikeka, Yasinta katikati yao, na jagi jekundu linazunguka. Majirani walikuwapo, sura zile zile. Nilikuwa nimejiandaa. Nilipanga nipokee kwa mikono miwili, ninywe yote, niseme kwa sauti, "Mama, mvinyo wako ni mzuri, nilikukosea." Hata maneno ya Kigorowa ya kushukuru nilikuwa nimejifunza kwa wiki nzima.

Mama Gidamis alinipokea vizuri sana. Aliniuliza habari za Elibariki na wajukuu, akanipa kiti kizuri kuliko vyote, kivulini. Nikamwambia, "Mama, nimekuja kunywa ile glasi yangu."

Akatabasamu. "Karibu sana, mama. Wewe ni mgeni mkubwa." Akamtuma mtu dukani. Nikasubiri. Nikaletewa soda kwenye sinia, chupa haijafunguliwa, na kifungulio pembeni yake. Akaiweka kwenye kistuli mbele yangu, akafuta vumbi shingoni mwa chupa kwa kanga yake.

"Hii imefungwa huko huko kiwandani," aliniambia kwa upole. "Fungua mwenyewe."

Majirani wote waliona. Mgeni mmoja, kijana wa kike, akamwuliza Yasinta kwa Kiingereza kwa nini yule mama anakunywa soda peke yake. Yasinta aliniangalia. Angeweza kusema chochote, na yote yangekuwa haki yake.

Akasema, "Yule ni mwalimu wangu. Yeye hanywi mvinyo."

Mimi! Binti wa Rombo, niliyekua kwenye nyumba iliyokuwa ikipika mbege, pombe yetu ya ndizi, kila Ijumaa! Nikamtazama Mama Gidamis, nikamtazama Yasinta, nikaona wananisubiri. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli, sinywi. Nikachukua kifungulio.